Canon EF 50mm f/1.8 STM: Lenzi ya Bei Nafuu Inayostahili Kuwa ya Mwisho

Lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM ilitolewa mwaka 2015 kwa bei ya dola 125 za Marekani, ikachukua nafasi ya lenzi ya aina hiyohiyo iliyokuwa sokoni tangu mwaka 1990, na hadi leo ndiyo ambayo karibu kila mpenda picha mwenye kamera ya Canon hushauriwa kuinunua mara anapoichoka ile iliyokuja na kamera yake. Ushauri huo ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba hutolewa kana kwamba lenzi hii ni mlango wa kuingilia tu, na kwamba mtu akishaionja hana budi kuendelea mbele hadi kwenye zile za dola elfu na zaidi. Nimeitumia kwa muda mrefu kwenye kamera ya daraja la chini, Canon EOS 2000D, na hoja yangu ni kinyume cha hapo: kwa mtu anayepiga picha kwa kupenda, asiyelipwa kwa kazi hiyo, hii ndiyo lenzi ya kukaa nayo, na sababu zake zimo katika hesabu zaidi kuliko katika nasaha za kubana matumizi.

Kwa umbo ni kitu kidogo. Ina uzito wa gramu 160, mwili wake ni wa plastiki, na mtu aliyezoea kushika lenzi za gharama anaweza kudhani amepewa mwanasesere. Hata hivyo ringi inayofungwa kwenye kamera ni ya chuma, jambo ambalo lenzi ya 1990 haikuwa nalo. Ile ilikuwa na ringi ya plastiki, mota yenye kelele, na vipande vitano vya kuzibia mwanga vilivyozigeuza taa za mbali kuwa pembetano. Hii ina vipande saba vilivyopinda kidogo, kwa hiyo taa zilizo nyuma ya mtu huonekana kama miviringo laini. Inaweza kulenga kitu kilicho umbali wa sentimita 35, ambapo mtangulizi wake alihitaji sentimita 45. Mota yake, ambayo ndiyo STM iliyo kwenye jina, ni tulivu kiasi cha kutumika katika video, ingawa chumba kikiwa kimya kabisa maikrofoni ya kamera huinasa.

Inafaa kueleza kwa nini inauzwa rahisi, kwa sababu sokoni kwetu bei ndogo hutiliwa shaka, na shaka hiyo ndiyo huwapeleka watu kwenye kitu cha gharama wasichokihitaji. Lenzi za milimita 50 ni eneo ambalo wahandisi wamelifanyia kazi kwa zaidi ya karne moja. Mpangilio wa vioo uliomo ndani ya hii ni wa ukoo wa Planar, uliobuniwa na Paul Rudolph katika kampuni ya Zeiss mwaka 1896, ambamo vioo vya mbele na vya nyuma hukaribia kulingana pande zote mbili za kitundu cha mwanga, na hivyo kurekebishana makosa. Canon imetumia vioo sita tu katika mafungu matano, hakuna hata kimoja chenye umbo la taabu kutengeneza, na lenzi zenyewe hutoka kiwandani kwa wingi. Bei ndogo basi haikutokana na kuficha ubovu. Imetokana na kwamba kazi ngumu ilikwisha kufanywa na watu waliokufa zamani.

Sasa tuje kwenye mwanga, ambao ndio sababu ya kuinunua. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na EOS 2000D, ukiivuta hadi mwisho, haiwezi kufungua kitundu chake zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, kitundu ni kipana zaidi). Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka takriban mara kumi, kwa kuwa ukubwa wa kitundu huenda kwa kipeo cha pili cha kipenyo chake. Tuchukue ukumbi wa sherehe usiku, taa zimepunguzwa, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, imepandishwa hadi 6400, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kawaida cha kamera hii. Tuseme katika mwanga huo lenzi ya 18-55mm inataka kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/20 ya sekunde. Kwa kasi hiyo, mtu akigeuza shingo tu amekwisha kufutika. Lenzi ya f/1.8, mahali palepale, inakuruhusu kupiga kwa 1/200, na anayecheza muziki anaganda na mapambo ya kilemba chake yanahesabika. Au unaweza kuridhika na 1/100 ukashusha ISO hadi 3200 ili chembechembe zipungue kwenye ngozi. Hii si tofauti ya kubishaniwa na wajuzi. Hata shangazi wa bibi harusi, asiyejua lolote kuhusu lenzi, atauliza kama umenunua kamera mpya.

Linganisha na hatua inayofuata, ile ambayo vishawishi vyote huelekea. Mwaka 2018 Canon ilitoa RF 50mm f/1.2 L kwa dola 2,299. Kutoka f/1.8 hadi f/1.2 mwanga huongezeka mara mbili na robo. Kwa hiyo dola 125 za kwanza zilikununulia mwanga mara kumi, na dola 2,174 zinazofuata zinakununulia mara mbili na robo ya huo ulio nao. Katika ukumbi uleule, kasi yako ya 1/200 inakuwa kama 1/450, lakini mchezaji aliyekwisha kuganda hana namna ya kuganda zaidi. Na bado hujanunua kamera, kwa sababu lenzi hiyo haikai kwenye 2000D wala kwenye kamera yoyote ya zamani ya Canon yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR). Sina ugomvi na lenzi yenyewe: ina vioo 15, imezibwa dhidi ya vumbi na unyevu, na ni kali hata kitundu kikiwa wazi kabisa. Mpiga picha wa harusi anayefanya kazi kila mwisho wa juma anaweza kuirudisha fedha yake kwa msimu mmoja au miwili. Anayepiga picha za watoto wake na za machweo ya Kigamboni hana mahali pa kuirudishia, na uzito wake wa gramu 950 utamfanya aiache nyumbani.

Kuna jambo jingine kuhusu vitundu vipana ambalo matangazo hayalisemi. Kwenye 2000D, ukimlenga mtu aliye umbali wa mita mbili kwa f/1.8, kina cha eneo linaloonekana kwa ukali ni kama sentimita 11 tu. Jicho litakuwa kali na sikio limeanza kuyeyuka. Watu wawili wasiosimama kwenye mstari mmoja, mmoja wao atafifia. Ndiyo maana wengi wanaolipia f/1.2 hujikuta wakiziba kitundu hadi f/2.8 ili uso wote uonekane, na picha ya ukoo mzima uliopangwa safu tatu huwadai f/5.6, yaani namba ileile ya lenzi waliyoikimbia. Mandharinyuma yaliyofifia ni mazuri, na lenzi hii inayatoa kwa kiasi cha kutosha kuwaridhisha watu wengi. Anayetaka yafifie zaidi amsogelee mtu wake, kisha amtenge mtu huyo na ukuta kwa mita tatu nne. Hatua hizo hazina bei. Tatizo ni kwamba picha zinazotutia tamaa mtandaoni huja zimeandikwa jina la lenzi, lakini haziji zimeandikwa saa ambayo mpigaji aliamka, dirisha alilolichagua, wala picha mia nyingine alizozifuta.

Udhaifu upo, na mnunuzi anapaswa kuujua. Kwa f/1.8 pembe za picha huwa laini na zenye giza kidogo, na mahali ambapo cheupe kinakutana na cheusi kwa ghafla, mfano kanzu nyeupe juani mbele ya mlango wa giza, utaona ukingo wa zambarau. Ukiziba hadi f/2.8 mambo yanatengemaa, na kwa f/4 ni kali kiasi kwamba sijui mtu atakayeweza kuitofautisha na lenzi ya gharama katika picha iliyochapwa kwa ukubwa wa kawaida. Haina kitulizo cha mtikisiko, kwa hiyo mkono unaotetemeka ni tatizo lako mwenyewe. Haikuzibwa dhidi ya maji wala vumbi. Sehemu yake ya mbele huchomoza inapolenga, na ukizima kamera ikiwa imechomoza inaweza kubaki hivyo. Tena ringi ya kulengea haifanyi lolote kamera ikiwa imezimwa, kwa sababu inaendeshwa kwa umeme. Mazoea mazuri ni kuirudisha ndani kabla ya kuzima, maana pigo kwenye sehemu hiyo ikiwa nje linaweza kuharibu mota. Katika mwanga hafifu ulengaji husita, na kwenye 2000D yenye nukta tisa za kulengea, ile ya katikati ndiyo ya kutumainiwa.

Udhaifu mkubwa kuliko yote, kwa mwenye kamera ya sensa ndogo kama 2000D, ni kwamba milimita 50 hizi hufanya kazi kama milimita 80, yaani huona eneo jembamba zaidi, kwa kuwa sensa hukata pembeni mara 1.6. Katika sebule ya kawaida utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukutani, na bado miguu ya watu imekatwa. Kwa chakula kilichotandikwa mkekani, kwa chumba, kwa mtaa mwembamba wa Mji Mkongwe, inabana. Kwa sura ya mtu mmoja, ni urefu bora kabisa: pua haikuzwi, mabega yanakaa sawa, na unasimama mbali kiasi cha kutomsumbua unayempiga. Wazo la kwamba picha za watu zinadai shehena ya vifaa linakosa nguvu ukizitazama kazi za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga kwa kawaida picha moja tu kwa kila mteja ili asipoteze filamu, mara nyingi uani, kwa mwanga wa jua. Ukiona mahali panabana, lenzi ya 18-55mm bado unayo. Usiiuze kwa bei ya kutupa ili uongezee fedha za kitu kingine.

Vishawishi vidogo ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu havionekani kama matumizi makubwa. Mtu anaingia dukani kununua lenzi, anatoka na mfuko. Muuzaji atakuambia kwamba filta ya kukinga miale ya urujuanimno (UV) ni lazima, na kwamba ile uliyo nayo haifai, na hapo anasema kweli, kwani lenzi ya 18-55mm huchukua filta ya milimita 58 na hii huchukua ya milimita 49. Asichokuambia ni kwamba kwenye kamera ya dijitali filta hiyo haiongezi chochote kwenye picha, na ikiwa ni kioo cha bei ya chini, taa za usiku zitajirudia ndani yake kama vivuli vya kijani. Kofia ya lenzi, iitwayo ES-68, huuzwa peke yake, jambo ambalo si la ukarimu kwa upande wa Canon, lakini ndiyo nyongeza pekee ninayoikubali bila kusita: huzuia jua la pembeni na huikinga ile sehemu inayochomoza. Baada ya hapo ni betri ya akiba. Mkoba wenye vyumba kumi na viwili sipendekezi kamwe, kwa sababu vyumba vitupu huanza kudai wapangaji.

Kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, kuna hoja dhidi ya kulimbikiza lenzi ambayo wenzetu wa nchi za baridi na ukavu hawaifahamu sana, nayo ni kuvu. Lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi, ndani ya kabati lenye giza, katika hewa ya pwani yenye unyevu mkubwa mwaka mzima, huota nyuzi nyembamba kama utando wa buibui juu ya vioo vya ndani. Nyuzi hizo zikiendelea hula tabaka linalopakwa kwenye kioo, na hata zikisafishwa alama hubaki. Kinga ni boksi la plastiki linalofungika vizuri pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikikaushwa mara kwa mara. Lakini kinga iliyo bora zaidi ni kuitumia lenzi, kuitoa kwenye hewa na mwanga kila baada ya muda mfupi. Mwenye lenzi mbili hufanya hivyo bila kufikiri. Mwenye lenzi saba hukuta tatu hajazigusa tangu masika, na aliyoilipia zaidi ndiyo hulala muda mrefu zaidi, maana anaiogopea wizi. Fundi wa kufungua lenzi na kuisafisha si rahisi kumpata, na kwa lenzi ya dola 125 ufundi huo huenda ukakaribia bei ya lenzi mpya. Kwa lenzi ya dola elfu mbili utalazimika kuulipia.

Kishawishi cha siku hizi ni kuambiwa kwamba mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, umepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwaka 2018 Canon imehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani na lenzi za RF. Ni kweli kampuni imeelekeza nguvu zake huko. Lakini kamera haiachi kupiga picha kwa sababu mwenzake mdogo amezaliwa, na lenzi za EF hukaa kwenye kamera hizo mpya kupitia kiungo ambacho hakina kioo chochote cha lenzi ndani, hivyo hakipunguzi ubora. Toleo la RF la lenzi hii, RF 50mm f/1.8 STM, lilitoka mwishoni mwa mwaka 2020 kwa dola 200 hivi. Lina uzito uleule wa gramu 160 na hulenga hadi sentimita 30. Anayeanza sasa na kamera mpya achukue hilo. Aliye na EF hana sababu ya kubadilisha kilichopo, na kuhama kwa wengine kumemnufaisha, kwa sababu wanaohama huuza.

Wapo ambao siwashauri kuinunua kabisa. Mpenda ndege wa mikokoni au wanyama wa Mikumi hatapata chochote kwa milimita 50 zaidi ya nukta ya kahawia katikati ya nyasi. Huyo anahitaji lenzi ndefu, na lenzi ndefu ndiyo kitu cha kukodi, si cha kununua, ikiwa mbugani anakwenda mara moja au mbili kwa mwaka. Wapo watu Dar es Salaam na Nairobi wanaokodisha lenzi kwa siku, na kukodi kuna faida ya pili ambayo haisemwi: siku ya pili ya kubeba kilo mbili za kioo mabegani, tamaa nyingi huisha zenyewe. Mpiga majengo naye anahitaji upana, si mwanga. Na ambaye kwa sasa hupiga mchana tu, nje, akaridhika na anachokipata, fedha yake inaweza kumpa nauli ya kwenda mahali penye kitu cha kupiga.

Kwa anayenunua, bei ya dukani huku kwetu hupanda juu ya ile ya Marekani kwa sababu ya usafirishaji, kodi na faida ya watu wawili watatu njiani, kwa hiyo iliyotumika ni chaguo la busara, mradi ikaguliwe. Iangalie kwa tochi ya simu kutokea nyuma, ukiizungusha taratibu, kutafuta nyuzi za kuvu. Vumbi chache si tatizo. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji, uilenge kitu cha karibu kisha cha mbali mara kadhaa, ukisikiliza kama mota inakwaruza au sehemu ya mbele inakwama. Hakikisha imeandikwa STM, maana ile ya 1990 bado inazunguka sokoni kwa namba zilezile, na ipo pia ya Yongnuo kutoka China inayofanana nayo. Zote mbili hupiga picha, ila tofauti ya bei ni ndogo mno kuhalalisha kuchukua mojawapo badala ya STM. Na kama muuzaji wa iliyotumika anataka zaidi ya robo tatu ya bei ya mpya, chukua mpya yenye risiti na dhamana.